Kidau cha Fedha na Alama Zake

Mtu anayeanza kukusanya vyombo vya kuandikia vya fedha, vilivyofuliwa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, aghalabu huvutwa kwanza na nakshi na mng'aro, ilhali mjuzi wa kazi hii, akishapewa chombo mkononi, hukipindua kabla hajakisifu, kwa kuwa alama za nasaba yake zimepigwa chini yake.

Hapo, ikiwa chombo kilipimwa London, atamkuta simba atembeaye, aliyeanza kutumika mwaka 1544 na ambaye ni shahidi kwamba sehemu 925 katika 1000 ni fedha safi. Kisha kichwa cha chui, herufi moja inayotaja mwaka, na herufi za jina la sonara. Baina ya 1697 na 1720 sheria ilidai fedha safi zaidi, sehemu 958, ndipo simba akampisha Britannia, mwanamke aliyeketi. Na tangu 1784 hadi 1890 kiliongezwa kichwa cha mfalme au malkia, kuthibitisha kwamba ushuru umelipwa. Alama ya Birmingham, mji ulio mbali na bahari, ni nanga, jambo ambalo hadi leo hunichekesha.

Seti ya zama za kalamu za unyoya ilikuwa sinia dogo lenye mfuo wa kulazia kalamu, kidau cha wino, kopo la mchanga wa kukaushia wino, na mara nyingi kengele ya kumwitia mtumishi au kinara cha kuyeyushia lakiri. Hilo kopo ndilo nipendalo kuwaonyesha wageni: kifuniko chake kina matundu membamba na kimebonyea mfano wa kisahani, ili mchanga ulionyunyizwa juu ya maandishi mabichi urudishwe ndani kwa matundu yale yale, usipotee bure. Wala kikopo cha kioo ndani ya kidau si kasoro, kwani wino wa zamani, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mwaloni, una ukali unaoila fedha.

Hadaa iko kwingine. Kila kipande kibandukacho, hata kifuniko, yapasa kiwe na alama yake, japo pungufu. Kidau cha 1765 kikiketi katika sinia la 1790, hiyo si seti, ni mayatima waliokusanywa. Na wako walaghai wanaokata alama katika kijiko kikuukuu, wakaipachika kwenye chombo kisicho na asili, wakasugua hata jicho lisione kiungo. Dawa yake ni pumzi: ukikipumulia chombo, fedha hupiga ukungu, na kwa nukta chache mstari wa lehemu hujidhihirisha ukiizunguka alama. Nilikipumulia kidau changu mwenyewe, nilichokilipia kwa furaha kubwa, na mstari ukatokea mraba kama dirisha. Tangu siku ile, muuzaji akinikabidhi chombo, mimi hupumua kwanza, ndipo nikauliza bei.