Kabla ya Kiunzi cha Kwanza: Kuwapima Farasi wa Kuwinda na Wapandaji wa Ridhaa

SEHEMU YA TATU

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulikaa Ngong, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1954 na ambao mbio zake husimamiwa na Jockey Club of Kenya. Tulichambua mbio za tambarare: masafa mafupi, majoki wa kulipwa, farasi wachanga, na uzani unaopangwa makusudi ili aliye bora abebeshwe mzigo mkubwa kuliko wenzake. Msomaji aliyeyashika hayo, akiketi mbele ya runinga mwezi wa Machi wakati wa tamasha la Cheltenham nchini Uingereza, atakutana na mbio moja ambayo mengi ya hayo hayamfai kitu. Ni mbio za farasi wa kuwinda, wakipandwa na watu wa ridhaa, masafa ya kilomita tano na ushei, viunzi 22 njiani. Nitasema mapema ninaloliamini kuhusu mbio hizi: anayetaka kuwapima washindani ampime mpandaji kwanza, ndipo amgeukie farasi.

Asili ya mchezo ni ushindani wa majirani. Mwaka 1752, katika jimbo la Cork nchini Ireland, Cornelius O'Callaghan na Edmund Blake walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, takriban kilomita saba, wakilenga mnara wa kanisa na kuruka chochote walichokikuta katikati: kuta za mawe, mitaro, nyua. Baadaye klabu za uwindaji zikawa na desturi ya kuandaa mbio za wanachama wao, na sharti la asili likawa kwamba farasi awe amewinda kweli, na mkuu wa mbwa wa klabu athibitishe hivyo kwa cheti. Uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulipigwa marufuku Uingereza na Wales mwaka 2005. Mbio zimebaki.

Sisi wa Uthiru na Kabete tuko karibu na habari hii kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa karne iliyopita Jim Elkington alikuwa na shamba karibu na stesheni ya reli ya Kabete, na alifuga mbwa wa kuwinda wa Kiingereza ambao huku walifukuza bweha badala ya mbweha wa kwao. Ni kwa Elkington huyohuyo ambako simba wa kufugwa aitwaye Paddy alimrukia mtoto Beryl Clutterbuck. Mtoto huyo alipona, akakua, akawa Beryl Markham, mkufunzi wa farasi aliyetoa washindi sita wa Kenya Derby. Farasi aliyekimbia nyuma ya mbwa katika nchi ile ya vichaka, mashimo ya ngiri na makorongo ya ghafla ilimbidi ajifunze kutazama anapokanyaga bila kungoja kuambiwa. Ndiyo sifa ambayo cheti cha uwindaji kilikusudiwa kuithibitisha, na mpaka leo ndiyo sifa inayoamua mengi kwenye viunzi.

Kwa nini basi tunazitazama mbio hizi kwa mbali, na farasi wetu hawaendi? Sababu kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na unaoweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Nchi za Ulaya zinauogopa, na zina haki. Kati ya mwaka 1987 na 1990 uliisumbua Hispania baada ya kuingia na pundamilia walioletwa kutoka Namibia. Huu ni mjadala mrefu ambao wataalamu wa mifugo wa Kabete wangeuandikia mfululizo wao wenyewe.

Turudi kwa mpandaji. Katika orodha ya mbio za Uingereza, joki wa kulipwa huandikwa jina lake tupu, na mtu wa ridhaa hutanguliziwa Mr, Miss au Ms. Mtazamaji mgeni huona alama hiyo akadhani wote walioitwa hivyo ni wa kiwango kimoja. Sivyo hata kidogo. Derek O'Connor wa Ireland ni mtu wa ridhaa, na ameshinda zaidi ya mara elfu moja katika mbio za viunzi za mashambani. Anaweza kupanga mstari mmoja na mkulima anayepanda farasi wake mwenyewe, au mwanafunzi aliyeruka viunzi vya mbio mara chache tu maishani. Kati ya majoki wa kulipwa tofauti ya ustadi ni ndogo, kwa sababu aliye dhaifu hukosa kazi akaondoka. Kati ya watu wa ridhaa hakuna anayemwondoa mwenzake. Pengo ni pana, na mara nyingi dau haliliakisi pengo hilo kikamilifu.

Mfano ulio wazi ni wa farasi Pacha Du Polder wa mkufunzi Paul Nicholls. Mwaka 2016 alipandwa Cheltenham na Victoria Pendleton, bingwa wa Olimpiki wa mbio za baiskeli mwaka 2008 na 2012, aliyekuwa ameanza kujifunza kupanda farasi muda mfupi kabla. Wakamaliza wa tano, karibu na walioongoza, jambo lililowashangaza wengi. Mwaka 2017 farasi huyo alipandwa na Bryony Frost, akashinda. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 11, alipandwa na Harriet Tucker aliyeteguka bega wakati mbio zikiendelea, akashinda tena. Farasi ni yuleyule, uwanja ni uleule. Simdharau Pendleton, kwani alichofanya kwa muda ule mfupi kilihitaji moyo wa chuma. Ninachosema ni kwamba aliyeitazama nafasi ya tano ya 2016 akahitimisha kuwa huyu ni farasi wa nafasi ya tano alikosea hesabu. Matokeo yale yalikuwa ya wawili, na mmoja wa wawili hao alikuwa bado anajifunza kazi. Abiria wa Waiyaki Way analijua hilo: matatu ileile, dereva akibadilishwa, safari inakuwa nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila jina orodhani ni hili: wawili hawa wamewahi kukimbia pamoja? Jozi iliyozoeana ina faida ambayo haionekani kwenye takwimu. Farasi mzee hujua mkono wa mpandaji wake, naye mpandaji hujua ni kiunzi cha namna gani farasi wake hukiruka kwa kuchelewa. La pili, mpandaji amemaliza mara ngapi mbio zenye washindani wengi? Kushinda kati ya farasi wanne kwenye shamba la jirani na kupenya kati ya 20 wanaobanana kwenye kona ni kazi mbili tofauti.

Baada ya hapo ndipo tusome rekodi ya farasi, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa maana wengi huisoma haraka mno. Rekodi ya Kiingereza ni mstari wa tarakimu na herufi. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza. Herufi ni habari ya mkasa, na kila moja inamsema mtu tofauti. F ni farasi aliyeanguka, yaani kwa kawaida kosa la kuruka ni lake. U ni mpandaji aliyetupwa huku farasi akibaki wima: mara nyingine farasi amejikwaa, lakini katika mbio za ridhaa mara nyingi ni mpandaji aliyekaa vibaya. B ni farasi aliyeangushwa na mwenzake aliyeanguka mbele yake, na hapo hakuna wa kulaumiwa. P ni aliyesimamishwa kabla ya mwisho, R ni aliyekataa kuruka.

Mtu asiye na uzoefu huzihesabu zote kuwa kushindwa. Mimi huziweka katika mizani tofauti. F mbili katika mbio tano za karibuni zinatosha kunifanya nimfute farasi, hata kama zilizobaki ni ushindi. U moja, ikiwa safari hii amepewa mpandaji mahiri, inaweza kuwa ndiyo sababu dau lake ni kubwa kuliko anavyostahili. R ni tabia, na tabia ya kukataa hurudi. P ndiyo inayohitaji uchunguzi: alisimamishwa kwa kuumia, kwa kuishiwa pumzi, au kwa sababu mpandaji aliona hana tena nafasi akamhurumia mnyama? Majibu hayo matatu yana uzito tofauti kabisa.

Suala la pumzi ni pana. Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Hewa yake yote hupita puani, na akienda shoti huvuta pumzi moja kwa kila hatua. Wengu wake hukamuliwa anapokimbia na kumwaga akiba ya chembe nyekundu kwenye damu, ndiyo maana anaweza kubeba kilo 76 kwa kilomita tano. Lakini kama misuli ya koo upande mmoja imelegea, kama inavyowatokea farasi wengi wakubwa wa mwili, njia ya hewa hubana na unamsikia akikoroma. Katika masafa mafupi anaweza kuficha kasoro hiyo. Kwenye kilima cha mwisho cha Cheltenham haifichiki. Tangu Januari 2018 Uingereza inataka farasi aliyefanyiwa upasuaji wa koo atangazwe orodhani anaporudi uwanjani kwa mara ya kwanza, na mimi huipa alama hiyo uzito mkubwa. Farasi aliyesimamishwa msimu uliopita, akatibiwa koo, anaweza kuwa mpya kabisa.

Tofauti nyingine na Ngong ni uzani. Katika mbio hizi za Cheltenham farasi dume na maksai wote hubeba sawa. Kwa masafa haya wajuzi hukadiria kwamba nusu kilo ni sawa na urefu wa farasi mmoja mwishoni, kwa hiyo usawa huo si jambo dogo: aliye bora haadhibiwi kwa ubora wake. Ndiyo maana washindi hujirudia. On The Fringe wa mkufunzi Enda Bolger alishinda mwaka 2015 na 2016, na mwaka ule wa kwanza alizitwaa pia Aintree na Punchestown. Pacha Du Polder akafuata kwa miaka miwili. Aliyewahi kuthibitisha uwezo wake kwenye uwanja huohuo simwachi kirahisi, hata akiwa na miaka 10 au 11. Kisha ukaja mwaka 2020, It Came To Pass akashinda kwa dau la 66 kwa 1 chini ya Maxine O'Sullivan, farasi wa zizi la baba yake. Mpandaji aliyemjua farasi kwa undani tangu nyumbani alikuwa na thamani ambayo waweka dau hawakuiona.

Nasaba nitaipita haraka. Kwa farasi wa miaka tisa ambaye ameshakimbia mara 20, jina la baba yake haliniambii chochote ambacho miguu yake haijakisema.

Miguu ndiyo ya kutazamwa mwishoni, farasi wanapozungushwa kabla ya kutandikwa. Tazama nyuma ya muundi wa mguu wa mbele, zinakopita kano: mstari uwe umenyooka, bila uvimbe wa upinde. Kano iliyowahi kukatika nyuzi hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano nzima. Tazama hatua: kwato la nyuma likanyage mbele ya alama iliyoachwa na la mbele. Jasho jepesi shingoni si neno. Povu katikati ya mapaja kabla hata ya mpandaji kupanda ni nguvu inayopotea bure. Kisha mtazame mpandaji anavyopokewa na saisi, anavyoshika hatamu, kama farasi anatulia au anazidi kuhangaika chini yake.

Jicho hilo halihitaji tikiti ya ndege. Jamhuri Park, jirani na uwanja wa mbio, kuna maonyesho ya farasi wa kuruka na mechi za polo, na baadhi ya farasi wanaoonekana huko walianza maisha yao kama farasi wa mbio pale Ngong. Nenda na kalamu, chagua watano, andika kabla hawajaingia nani ataangusha nguzo na kwa nini, kisha ulinganishe. Juma lijalo tutaingia katika hali ya ardhi: matope, ukavu, na kwa nini saa ya kupimia muda hudanganya pale mvua inaponyesha.