Fahamu: Sarkoma ya kichwa na shingo hupimwaje?

Sarkoma ya tishu laini ni saratani inayoanzia kwenye misuli, mafuta au mishipa. Ikiota usoni au shingoni hubanana na koo na macho, hivyo hata uvimbe mdogo ni hatari.

Ndiyo maana mwongozo wa AJCC, Kamati ya Pamoja ya Saratani ya Marekani, toleo la 8, lililoanza kutumika 2018, uliitengea vipimo vyake (T ni daraja la uvimbe):

- T1: hadi sentimita 2
- T2: zaidi ya 2 hadi 4
- T3: zaidi ya 4
- T4: umeingia viungo jirani, mathalani tundu la jicho

Kwenye mikono, miguu na kiwiliwili, T1 hufika sentimita 5.

Ukubwa pekee hautoshi kutabiri hali ya mgonjwa: ukali wa seli kwenye darubini na kusambaa mapafuni huamua mengi.

Uko Dongobesh au Katesh, mkoani Manyara, na uvimbe unakua? Usisubiri hadi uanze kuuma. Nenda hospitali, mfano Haydom. Rufaa huweza kukufikisha Hospitali ya KCMC Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.