Mlio wa simu: gharama isiyo na risiti katika ofisi za pamoja

WAFANYABIASHARA wanaokodi chumba kimoja cha ofisi katikati ya jiji la Dar es Salaam hugawana kodi ya pango, umeme na ujira wa mfagiaji hadi shilingi ya mwisho. Iko gharama moja isiyoingia kamwe katika mgawo huo, nayo hulia mezani kutwa nzima.

Chukua chumba cha kawaida cha ghorofa ya pili, chenye wakala wa forodha, mwagizaji wa vipuri, mhasibu wa kujitegemea na dalali wa mazao. Meza ni nne, lakini simu hazipungui nane, kwa kuwa kila mmoja ana laini mbili au tatu na hakuna anayethubutu kuiacha hata moja nyumbani. Moja inaimba kwaya, ya pili taarabu, ya tatu Bongo Fleva, na ya nne bado ina mlio iliotoka nao kiwandani. Mwenye simu hupenda mlio wake. Ndiyo maana huuacha uimbe hadi kibwagizo ndipo apokee.

Wakati huo wakala wa forodha anasoma namba ya kontena ili mwenzake aingize kwenye kompyuta. Namba hiyo huwa na herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho imewekwa kuhakiki zile zilizotangulia. Akifika tarakimu ya nne, simu ya jirani inalia. Anarudia mwanzo. Hapo angalau akikosea, tarakimu ya mwisho inaweza kumfichua. Msimbo wa ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye tarakimu nane, hauna mlinzi wa namna hiyo. Ukigeuza tarakimu mbili tu, shehena inaweza kuangukia katika kiwango kingine cha ushuru, nyaraka zikarudishwa kusahihishwa, na kontena likaendelea kukaa huku siku za bure zikiyoyoma na tozo kuanza kuhesabiwa. Mwenye mzigo ataambiwa kuwa mfumo ulisumbua. Hataambiwa kuwa ilikuwa taarabu.

Mambo si tofauti kwa anayetuma fedha kwa simu. Ni kweli kwamba jina la mpokeaji hujitokeza kabla ya kuthibitisha, lakini mtu aliyekatizwa mara tatu ndani ya dakika moja hubonyeza bila kusoma. Mwekezaji mdogo anayempigia dalali wake wa hisa kutaja idadi na bei anayotaka naye yumo hatarini, maana mtu wa upande wa pili yuko katika chumba kilekile chenye simu nane.

Kwamba mlio humwondolea mtu kile alichokuwa nacho kichwani si malalamiko ya wenye hasira za karibu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Jill Shelton, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha majaribio yaliyopima jambo hilo. Katika mojawapo, simu iliyokuwa ndani ya mkoba wa mwanafunzi iliachwa ilie kwa nusu dakika hivi mhadhara ukiendelea. Wanafunzi waliokuwapo walipata alama pungufu kwa takriban asilimia 25 katika maswali ya kile kilichofundishwa wakati ule, ingawa maelezo yaleyale yalikuwa yakionekana ukutani mbele yao. Walifanya vibaya zaidi pale mwenye mkoba alipoanza kupekuapekua akiitafuta simu, tukio ambalo kila aliyewahi kukaa ofisi ya pamoja analifahamu. Aidha, mlio wa wimbo uliozoeleka ulichelewesha kazi ya wasikilizaji kwa muda mrefu kuliko mlio wa kawaida. Mlio mkavu sikio huuzoea. Wimbo una maneno, una kumbukumbu, na msikilizaji huendelea kuuimba moyoni hata baada ya simu kupokewa.

Tufanye hesabu ndogo ya dukani. Tuseme chumba kina watu watano na kila mmoja hupigiwa mara 20 kwa siku. Hiyo ni milio 100. Kila mlio humkatiza mwenyewe, ambaye ana faida nao, na wenzake wanne wasio na faida yoyote, kwa hiyo siku nzima wasiohusika wamekatizwa mara 400. Kila mmoja akihitaji nusu dakika tu kurudi pale alipoachia, ofisi imepoteza dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini. Msomaji anaweza kubadili tarakimu hizo zilingane na chumba chake mwenyewe. Atakachoona ni kwamba kadiri watu wanavyoongezwa ili kupunguza kodi ya pango, ndivyo hasara hii inavyokua kwa kasi kuliko idadi yao: weka watu kumi wenye simu 20 kila mmoja, nao watakatizwa mara 1,800.

Wapo wanaosema dawa ni kuzima simu. Hao hawajawahi kuuza bidhaa Kariakoo. Mteja asiyejibiwa kwa mlio wa pili humpigia mwenye duka la pili, na mzigo ukauzwa huko. Mobitel ilipoanza huduma zake nchini mwaka 1994, simu ya mkononi ilikuwa ya wachache na kulia kwake mbele za watu kulikuwa ni heshima kwa mwenyewe. Tangu huduma za fedha kwa simu ziingie, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kifaa hicho kimekuwa sanduku la mauzo. Mlio mfupi wa ujumbe ndiyo habari kwamba fedha imeingia na mzigo unaweza kuruhusiwa kutoka. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeuziba mdomo mlio huo kwa ajili ya starehe ya jirani.

Halafu ipo bipu. Bipu hulia sekunde chache na haimgharimu aliyepiga hata senti. Gharama hubebwa na aliyebipiwa, atakayelazimika kupiga, na wale waliokaa jirani naye, ambao hawakubipiwa na mtu.

Biashara ya milio yenyewe ina mengi ya kumfundisha mwekezaji. Chanzo chake kilikuwa kufanana. Mlio mashuhuri wa Nokia, uliochukuliwa kutoka kwenye muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega wa mwaka 1902, ulienea kiasi kwamba simu moja ikilia, chumba kizima kilijipapasa mifukoni. Watu wakaanza kulipa ili watofautiane. Kampuni ya Jamba ya Ujerumani, iliyowauzia vijana wa Ulaya milio, ukiwamo ule wa chura wa katuni anayeiga injini ya pikipiki, ilinunuliwa na VeriSign ya Marekani mwaka 2004 kwa takriban dola milioni 273. Mwaka 2005 wimbo wa chura huyo ulishika namba moja Uingereza. Mwaka 2006 VeriSign ikauza sehemu kubwa ya hisa zake kwa News Corp. Mwaka uliofuata iPhone ya kwanza ikaingia sokoni, na muda si mrefu watu wakawa wanajiwekea wimbo wowote bila kulipa mtu. VeriSign ilijua kutoka mapema. Huku kwetu zilibaki simu za bei nafuu zenye spika za kusikika stendi nzima, nyingi zikiwa bandia, hadi Kenya ilipozifungia simu bandia mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016. Bandia ziliondoka, tabia ya kuweka sauti hadi mwisho ilibaki.

Katika ofisi nyingi mtu akishalalamikiwa huweka simu kwenye mtetemo, kisha akailaza juu ya meza ya mbao. Simu inayotetema juu ya mbao hutembea kama jongoo na hunguruma kuliko ilivyolia. Mtetemo ni wa mfukoni. Kuzima sauti nako si kinga ya kila kitu: Januari 2012 huko New York, kiongozi wa okestra mashuhuri ya jiji hilo, Alan Gilbert, alisimamisha muziki katikati ya onyesho kwa sababu ya simu ya msikilizaji wa mstari wa mbele. Mwenyewe, mtu wa biashara, alikuwa amepewa simu hiyo na kampuni yake siku moja kabla, na alikuwa ameizima sauti. Kilicholia ilikuwa ni kengele ya saa, ambayo hakujua kama imewashwa.

Kengele ya saa ndiyo pia inayoliza simu iliyoachwa kwenye chaji, mwenyewe yuko kwa mama ntilie akingoja wali. Kwa desturi yetu hakuna anayegusa simu ya mwenzake, sembuse kuipokea. Basi italia, itanyamaza, itaanza tena, na watu wazima wanne watakaa wakitazamana.

Hivyo mahali pa kuanzia si kuzima bali ni kukubaliana, na wakati wake ni siku ya kugawana kodi, watu wote wakiwa wamekaa na kalamu mkononi. Simu itoke na mwenyewe, chaji iwe na chaji isiwe. Atakayeiacha alipe kitu kidogo kwenye mfuko wa chai. Mlio uwe mkavu na mfupi, sauti ya kutosha meza moja. Wateja wakubwa wawili au watatu na ujumbe wa fedha wapewe mlio wao wa pekee, jambo ambalo simu nyingi zinaliruhusu, ili nyingine zote zibaki kwenye mtetemo bila hofu ya kupoteza mauzo. Mwenye laini tatu achague moja ya kulia.

Na kwa asiyeweza kuishi bila wimbo wake, soko bado linamjali. Kampuni za simu huuza wimbo unaosikika sikioni mwa anayepiga wakati akingoja kupokewa. Ule wa Safaricom ya Kenya huitwa Skiza. Mteja ataburudika na mwenye simu atajulikana anampenda msanii gani. Wakala wa forodha wa meza ya pili hatasikia kitu.