Usitume Deposit ya Injini Kabla ya Kuona Namba
Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, na wapo wanaozifufua hadi leo. Injini yake ya kiwandani ni L24, silinda sita, cc 2,393. Shida ni kwamba L26 na L28 huingia palepale, na kwa macho zinafanana sana.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia “hii ni original, nitumie deposit,” muombe picha ya namba iliyogongwa kwenye bloku. Ianze na L24, kisha uilinganishe na ile ya kibati kilicho ndani ya boneti. Grinda imepita hapo? Sisi tungeachana nayo. Rangi mpya si ushahidi.

Ukiridhika, soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Kama si la muuzaji, katiza.