Ua la juu ya bwawa: tuling'oe ao tuliache?



Tunapopita kwenye mabwawa ya samaki huku Masereka, ulizo moja linarudi kila mara: "Hili ua la juu ya maji, tuling'oe ao tuliache?" Jibu letu: kwanza ulitambue. Kwa mbali maua mawili yanafanana rangi. Moja ni la kwetu, lingine linaweza kukumalizia samaki.

La kwetu ni yungiyungi. Jani lake ni la mviringo, limelala juu ya maji kama sahani, na lina mpasuko unaofika mpaka kwenye kikonyo. Ua linasimama peke yake, la bluu ao jeupe-jeupe, katikati manjano. Linafunguka mchana, jioni linajifunga. Vuta kidogo: mzizi umeshika matope chini.

La kigeni ni gugu maji, lililotoka Amerika ya Kusini. Tangu miaka ya 1950 linasumbua mto Kongo, na baadaye likaingia Ziwa Viktoria. Majani yake yanasimama juu ya maji na kung'aa. Kikonyo kimevimba, ukipasua, ndani ni kama sifongo. Maua ni mengi kwenye bua moja, ya zambarau, na jani la juu la kila ua lina doa la manjano. Mizizi inaning'inia majini kama manyoya meusi.

Mbona tunasisitiza? Gugu maji likipata nafasi, linaongezeka mara mbili katika wiki mbili hivi. Linafunika maji, jua haliingii, hewa inapungua, na asubuhi utaona tilapia wanahema juu juu. Mbegu zake nazo zinakaa matopeni miaka mingi.

Basi tufanye hivi:

- Gugu maji: ng'oa lote siku ile ile, kabla halijatoa mbegu. Lianike mbali na maji. Usilitupe mtoni, utakuwa umemtumia jirani wa chini. Na usilipande nyumbani kwa sababu ya uzuri wake.
- Nyavu za kuazima: zioshe na kuzikausha kwanza.
- Yungiyungi: liache pembeni, vifaranga wa samaki wanajificha humo. Likianza kufunika bwawa, lipunguze kwa kuchimba mzizi. Ukikata majani tu, yatarudi.

Siku ya salongo, shukeni pamoja bwawani, wazee na vijana, mwangalie vitu vitatu: jani, ua, mzizi. Ukiwa na mashaka, leta mmea mmoja kwa agronomu wenu, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.