Moyo unaporuka pigo: lini umwone daktari?

UMEJILAZA kitandani, taa imezimwa na nyumba yote imetulia. Ghafla unahisi kitu kikiruka kifuani, kana kwamba moyo umejikwaa. Kimya kidogo, halafu linakuja pigo moja zito linalogonga mbavu. Kisha moyo unaendelea na safari yake kama kawaida. Lakini wewe, msomaji, usingizi umekwishatoroka.

Wapo wanaodhani hiyo ni ishara ya habari mbaya iliyo njiani. Wapo wanaoshuku mkono wa jirani, na wapo wanaokimbilia duka la dawa kuomba tembe za maumivu. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye afya njema, wakivalishwa kwa saa 24 mashine ndogo ya kunakili mapigo ya moyo, hupatikana na mapigo ya aina hii, hata kama wenyewe hawajahisi lolote. Kwa wengi hayana madhara. Lakini miongoni mwa wanaoyapuuza yumo yule mmoja ambaye angepaswa kwenda hospitalini leo hii, na ni huyo tunayemtafuta katika makala haya.

Hebu fikiria matatu katika steji. Dereva hang'oi gari mpaka kondakta agonge bodi. Moyo nao una kondakta wake, sehemu ndogo iliyo juu upande wa kulia, inayotoa umeme hafifu na kuamuru kila pigo, takriban mara 100,000 kwa siku. Sasa abiria mtundu wa kiti cha nyuma anagonga bodi kabla ya wakati. Dereva anaondoka viti vikiwa nusu. Ndivyo pigo la mapema lilivyo: linatoka mahali pengine moyoni, kabla vyumba havijajaa damu, na linasukuma damu kidogo tu. Baadaye moyo hutulia, hujaa kupita kawaida, na pigo linalofuata huwa zito. Hilo zito ndilo linalokushtua.

Unaweza kujipima mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Usitumie kidole gumba, kwani nacho kina mshipa wake unaopiga. Pigo la mapema huhisika kama pengo. Pengo moja moja katika mwendo uliopangika ni tofauti na mapigo yasiyo na mpangilio wowote tangu mwanzo hadi mwisho. Hayo ya pili yaweza kusababisha damu kuganda moyoni na kuleta kiharusi, na yanahitaji daktari hata kama hayakuumizi.

Jiji la Eldoret lina mambo yake. Liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyewasili jana kutoka Mombasa asishangae moyo wake ukienda mbio anapopanda ngazi. Kisha kuna wakimbiaji wetu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ule wa mkimbiaji wa masafa marefu huweza kushuka hadi karibu 40. Nafasi kati ya pigo na pigo ni ndefu, na pigo la mapema hupenya humo kwa urahisi. Likitoweka anapoanza kukimbia, aghalabu hiyo ni dalili njema. Likizuka au kuongezeka wakati wa mazoezi, kocha asimwambie ajikaze. Ampeleke akapimwe.

Na wewe mwanafunzi unayekesha na vitabu, tazama kilicho mezani. Kahawa kali, vinywaji vya mikebe vya kuongeza nguvu, miraa, sigara, pombe na kukosa usingizi, vyote vyaweza kuchochea mapigo haya. Hata chai yetu, hasa kile kikombe cha tano. Vivyo hivyo homa, upungufu wa damu, kuharisha sana, matatizo ya tezi ya shingoni na baadhi ya dawa za pumu na mafua. Dawa uliyoandikiwa usiiache bila kuuliza. Hayo mengine yapunguze kwa wiki mbili uone.

Zipo hali zisizongoja wiki mbili. Ukizirai, ukibanwa kifua, ukikosa pumzi, au moyo ukienda mbio ghafla ukiwa umeketi na ukakataa kutulia, nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, na usiendeshe gari mwenyewe. Kuzirai katikati ya mbio au mchezo ndiko kubaya zaidi. Wapenzi wa kandanda wanakumbuka Juni 26, 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alipoanguka uwanjani na kufariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa. Ikiwa katika ukoo wenu kuna kijana aliyefariki ghafla bila kuugua, mwambie daktari hata asipouliza.

Wazazi nao wasikie hili. Mtoto anayeumwa koo kutokana na bakteria na asitibiwe ipasavyo anaweza kupatwa na homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu, huku vali za moyo zikiharibika kimyakimya. Nchi tajiri zimekaribia kuusahau ugonjwa huu; hapa Afrika Mashariki bado unaua vijana. Wengine hugundulika wakiwa wajawazito, wanapoanza kukosa pumzi na kuhisi moyo ukipapatika. Mama kama huyo asiambiwe ni uchovu wa mimba tu.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Watapima shinikizo la damu, damu yenyewe, na umeme wa moyo kwa kipimo kiitwacho E.C.G., ambacho huchukua dakika chache na hakiumi. Ikibidi, utaelekezwa kwa madaktari wa moyo, kwa mfano katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi papa hapa Eldoret.

Usikasirike ukirudishwa nyumbani bila dawa. Mwaka 1989, utafiti mkubwa Marekani ulionyesha kwamba dawa mbili zilizokuwa zikituliza mapigo haya kwa watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo ziliyapunguza kweli, lakini waliozimeza walikufa kwa wingi kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa. Tangu hapo madaktari huandika dawa hizo kwa uangalifu mkubwa.

Unapokwenda, beba kijidaftari. Andika siku na saa moyo uliporuka, ulikuwa ukifanya nini, ulikuwa umekula au kunywa nini, dawa zote unazotumia, na idadi ya mapigo uliyohesabu kwa dakika hiyo moja.