Muulize babu gari alilolipenda kuliko yote

Mzee aliyestaafu akiulizwa habari za afya yake, mara nyingi jibu ni fupi: "Namshukuru Mungu." Akiulizwa anawaza nini pale barazani tangu asubuhi, anatikisa kichwa tu. Lakini aulizwe ile Pijo 504 aliyokuwa nayo iliishia wapi, na hapo kiti kinasogezwa karibu. Atataja namba ya gari, rangi yake, fundi aliyelijua, na mlima ambao lilipanda bila shida huku magari mengine yamefungua boneti kando ya barabara.

Kwa watoto na wajukuu, mazungumzo hayo huonekana kama porojo za kupitishia jioni. Kumbe yanasaidia afya ya mzee na ukaribu wa familia. Tena yanaweza kuirahisishia familia siku moja ngumu, ile ya kumwomba mzazi aache kuendesha.

Magari yaliyoacha alama

Kila rika lina gari lake. Walioanza kuendesha miaka ya 1960 wengi hutaja Volkswagen ile ya duara, yenye umbo la kobe. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa, hivyo haikuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka. Mizigo iliwekwa mbele, jambo lililowachekesha watoto kila boneti ilipofunguliwa. Magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo yalitengenezwa duniani kabla ya uzalishaji kukoma nchini Mexico mwaka 2003.

Kisha wapo watu wa Peugeot, au Pijo kama inavyotamkwa mitaani. Gari hili lilijijengea jina katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Mtu aliyeiona 404 ikipita na vumbi lake akiwa kijana hakuhitaji tangazo la kumshawishi. Alipopata fedha, alijua anataka gari gani.

Iliyofuata, 504, ilizinduliwa mwaka 1968 na kuchaguliwa gari bora la mwaka barani Ulaya mwaka 1969. Springi zake zilimeza mashimo, na ile ndefu yenye safu tatu za viti ilibeba familia nzima pamoja na jirani aliyeomba lifti.

Wapenzi wa Datsun nao wana shujaa wao. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wapo pia waliofanya kazi vijijini, kama mabwana shamba, wauguzi na wahandisi wa barabara, ambao moyo wao uko kwenye Land Rover 109. Namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Abiria wa nyuma walikaa kwenye mabenchi wakitazamana, na safari ikiisha wote wamekuwa rangi moja kwa vumbi.

Baadaye, milango ya biashara ilipofunguka na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kushuka kwa wingi bandarini, Toyota Corolla ikawa gari la mwalimu, mhasibu na mfanyabiashara mdogo. Halikuwa gari la sifa. Lilisifiwa kwa kuwaka kila asubuhi.

Gari la mtaa mzima

Utamu wa kumbukumbu hizi unatokana pia na jinsi magari yalivyokuwa adimu. Mtaa mzima ungeweza kuwa na gari moja au mawili. Aliyekuwa nalo alikuwa dereva wa bibi harusi, wa mgonjwa wa usiku wa manane na wa mama aliyeshikwa na uchungu. Kulikuwa na miaka ya uhaba wa mafuta, ambapo magari binafsi nchini Tanzania yalizuiwa hata kutembea Jumapili mchana. Lita chache za petroli zilitunzwa kwa dharura, na kila safari ilikuwa na sababu.

Spea nazo zilikuwa za kutafuta. Mwenye gari alijifunza kusafisha plagi, kuziba pancha na kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Betri ikichoka, vijana wa mtaa waliitwa kusukuma, na gari lilipokohoa na kuwaka, ushindi ulikuwa wa wote. Ndiyo maana mzee anaposimulia gari lake, ndani yake mna majirani, mafundi, wagonjwa waliopona na watoto waliozaliwa njiani.

Bibi naye ana lake. Katika familia nyingi hakuwa yeye aliyeshika usukani, lakini anakumbuka chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, mtoto aliyetapika kila kona, na ugomvi mdogo kuhusu njia uliokwisha kwa kicheko. Akiulizwa peke yake, mara nyingi hadithi ya gari lilelile hubadilika kabisa.

Kwa nini hayasahauliki

Wataalamu wa saikolojia wamegundua kwamba watu waliovuka miaka 40 hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko ya vipindi vingine vya maisha. Ni miaka ya mambo ya kwanza, yaani mshahara wa kwanza, ndoa, mtoto wa kwanza na, kwa waliojaliwa, gari la kwanza. Jambo jipya lenye furaha au hofu kubwa huchimba mizizi kwenye ubongo.

Harufu nayo husaidia. Njia ya harufu kichwani hupita karibu sana na sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu harufu ya viti vilivyopigwa jua, au ya petroli na vumbi, inaweza kumrudisha mtu miaka 40 nyuma kabla hajajua anawaza nini. Mikono pia ina kumbukumbu yake. Mtu anaweza kusahau alichokula mchana, lakini mkono wake bado unajua gia ya pili iko upande gani.

Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee kuyapitia maisha yake upya ni jambo la kawaida na lenye manufaa. Wakati huo wengi waliona mzee anayezungumzia ya zamani kama mtu anayeanza kuchanganyikiwa. Tangu hapo, mazungumzo ya kumbukumbu, yakisaidiwa na picha, nyimbo na vitu vya zamani, yamekuwa yakitumika kuwasaidia wazee, wakiwamo wenye ugonjwa wa kusahau. Uchambuzi wa tafiti 22 uliochapishwa na Cochrane mwaka 2018 ulionyesha kuwa manufaa kwa wenye ugonjwa huo yapo, ila ni madogo na hutofautiana kulingana na namna mazungumzo yanavyofanyika. Kwa maneno mengine, hadithi ya gari haiponyi ugonjwa. Inaweza kumpa mzee saa moja nzuri, na mjukuu akapata babu asiyemjua.

Hadithi isimuliwe yote

Mjukuu anayesikiliza kwa makini atauliza swali gumu: mkanda ulikuwa wapi? Katika magari mengi ya wakati huo haukuwapo, na ulipokuwapo haukufungwa. Watoto wanane walibanana siti ya nyuma, mdogo akapakatwa mbele na mama, na wengine wakajazwa kwenye buti. Leo watu hucheka wakikumbuka, kwa sababu wanaocheka ni wale waliofika salama.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa aliyekaa mbele kwa karibu nusu, na kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto kwa angalau asilimia 60. Mtoto aliyepakatwa hana ulinzi huo. Gari likigonga, hakuna mikono ya mzazi yenye nguvu ya kumzuia.

Ile harufu ya petroli nayo ilikuwa na siri. Mafuta ya wakati huo yalichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na mafuta hayo ifikapo mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha mwaka 2021.

Mzazi hana haja ya kuharibu hadithi ya babu kwa hotuba. Inatosha babu mwenyewe aeleze walivyokuwa wakikaa, kisha yeye na mjukuu wafunge mikanda kabla ya gari kuondoka.

Siku ya funguo

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Baba aliyeendesha kwa miaka 45 anarudi nyumbani na mkwaruzo mpya ubavuni mwa gari. Wiki nyingine anachelewa kwa sababu alipotea barabara anayoijua. Huenda ni mtoto wa jicho, presha ya macho, dawa inayoleta usingizi, sukari inayoshuka ghafla, au dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau. Watoto wanakutana kwenye kundi la simu, wanaamua, na mmoja wao anatumwa kuchukua funguo.

Kwa watoto hilo ni suala la usalama, na wana haki kuhofia. Kwa mzee ni kunyang'anywa kitu kilichomfanya awe mtu wa kutegemewa. Uchambuzi wa tafiti kuhusu madereva wazee uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kuwa kuacha kuendesha kulihusishwa na ongezeko la karibu mara mbili la uwezekano wa kuwa na dalili za sonona. Mtu anaacha kwenda msikitini au kanisani, haendi tena kijiweni kwa wenzake, na hatimaye anaacha hata kuzungumza.

Familia iliyowahi kumsikiliza baba akisimulia magari yake inaingia kwenye mazungumzo haya ikiwa na heshima mkononi. Inajua kwamba gari lilikuwa namna yake ya kuitunza familia. Inaweza kuanza na vipimo badala ya hukumu, yaani kumpeleka kwa daktari wa macho na kupitia dawa anazotumia, maana baadhi ya matatizo hutibika. Mtoto wa jicho, kwa mfano, huondolewa kwa upasuaji. Mara nyingine inatosha kuacha kuendesha usiku na kwenye barabara kuu. Daktari akishauri aache kabisa, familia ipange kwanza nani atampeleka wapi na siku gani, ndipo funguo zizungumzwe. Ahadi ya Ijumaa au Jumapili isiyovunjwa humsaidia mzee kuliko maneno mengi ya pole.

Namna ya kuanza

Swali la jumla huzaa jibu la jumla. Badala ya kumuuliza babu kuhusu maisha ya zamani, mjukuu anaweza kuuliza gari la kwanza alilinunua kwa nani na kwa shilingi ngapi, nani alimfundisha kuendesha, safari ipi ilikuwa ndefu kuliko zote, liliharibikia wapi na nani aliwasaidia. Picha ya zamani, kadi ya gari iliyochakaa au hata spana iliyobaki stoo huamsha mengi.

Simu iwekwe mezani irekodi, kwa ruhusa yake. Akikosea mwaka au kurudia hadithi, hakuna haja ya kumsahihisha mbele ya watu. Akigusa jambo la huzuni, kama ajali au mtu aliyefariki, apewe nafasi ya kunyamaza au kulia, na asilazimishwe kuendelea. Kumbukumbu si zote tamu.

Watoto wa leo nao wanakusanya zao. Wengine watakuja kusimulia Noah iliyobeba binamu wote kwenda kijijini Krismasi au Idi, wengine IST ya mama iliyokuwa na kibandiko nyuma, na wapo watakaokumbuka bodaboda au basi kwa sababu nyumbani hapakuwa na gari. Wataichukua safari pamoja na waliokuwa ndani yake. Mzazi anayezima redio kidogo barabarani na kumwachia babu, aliyekaa siti ya mbele akiwa amefunga mkanda, aonyeshe mahali Pijo ilipolala siku tatu ikisubiri spea, anawapa watoto wake kitu watakachokisimulia nao wakiwa wazee.